Majivu Yanayotembea

“Koko! Koko, amka! Mulima imemwaga majivu kwa shu yangu!”

Hapa Goma maneno kama hayo hayasikilizwi ukiwa kitandani. Nilitoka nje kandambili moja mguuni, nyingine mkononi, macho yameelekea kaskazini. Nyiragongo, mlima wetu wa volkano, alikuwa pale pale alipo siku zote, na mita zake 3,470, amejifunga kilemba chake cha moshi. Nimemkimbia mara mbili: tarehe 17 Januari 2002, mawe yaliyoyeyuka yalipopasua mji wetu katikati hadi Ziwa Kivu, na usiku wa tarehe 22 Mei 2021. Naijua sura yake akikasirika. Asubuhi ile hakuwa na neno na mtu.

Mjukuu wangu, msichana wa miaka tisa asiyependa kubishiwa, alinivuta mkono mpaka nyuma ya nyumba. Huko tuna magunia sita yaliyojaa udongo, na katika kila gunia shu moja. (Ninyi wa Tanzania na Kenya mnasema kabichi. Sisi neno tulilichukua kwenye Kifaransa na hatukulirudisha.) Tunapanda kwenye magunia kwa sababu parseli yetu, yaani kiwanja, imekaa juu ya jiwe lililomwagika mwaka 2002; ukilipiga jembe linakujibu kwa cheche. Udongo tuliununua, ukaletwa kwa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma.

Kweli, pale katikati ya shu ya tatu, majani yanapoanza kukunjana yafunge kichwa, palikuwa na unga wa kijivu. Ungedhani kuna mtu aliyetikisa jiko la makala juu yake.

“Sawa,” nikamwambia, “tuseme ni majivu. Sasa mlima unachagua? Tazama bati la jirani. Tazama nguo kwenye kamba. Tazama migomba ile. Vyote safi. Majivu gani haya yameruka mtaa mzima yakatua kwenye shu moja?”

Akanyamaza. Nikamwambia apulize. Majivu ukiyapuliza yanapeperuka, lakini haya yalibaki palepale. Akasogeza uso, pua ikakaribia kugusa jani, akakaa hivyo kitambo. Kisha akaruka nyuma kama aliyechomwa na mwiba.

“Koko, inatembea!”

Basi kaeni vizuri, wajukuu zangu, niwaambie habari za majivu hayo yenye miguu.

Kwa Kiswahili cha vitabuni mdudu huyu ni kidukari, na wakiwa wengi ni vidukari. Wakulima wa Tanzania humwita pia mdudu mafuta. Mtaani kwetu watu husema tu “vidudu vya shu” na kusonya. Kuna vidukari wa maharage, wa mapera, wa machungwa, aina nyingi mno, lakini huyu wa kijivu ana ukoo mmoja tu anaoupenda: shu, shu-fleri, sukuma wiki, haradali na jamaa zao. Ukitaka kuujua ukoo huo, acha mmoja wao mpaka atoe maua. Kila ua lina vipande vinne vilivyopangwa kama msalaba, ndiyo maana wataalamu wa zamani waliuita ukoo wa wabeba msalaba. Sisi binadamu tunatambua jamaa hao kwa ua. Kidukari anawatambua kwa harufu na ladha, na hakosei.

Urefu wake ni kama milimita 2. Watatu wakijipanga mstari ndio wanafika urefu wa punje ya mchele. Mwili wenyewe ni wa kijani, na ule unga unaouona ni nta anayoitoa mwilini mwake na kujipaka, kama mtu anavyojipaka poda baada ya kuoga. Nilichovya kidole kwenye kikombe cha maji nikadondosha tone moja juu ya kundi lile. Tone halikulowesha mtu. Lilikaa duara, likang’aa kama ushanga, likabingirika juu ya migongo yao hadi kwenye mshipa wa jani, likaanguka. Wao hata hawakugeuka. Mjukuu wangu akataka kujaribu. Akajaribu mara saba. Mtoto akiona jambo la ajabu mwache alichoke mwenyewe, kwa sababu jambo hilo la tone ndilo litakalotusaidia baadaye.

Sasa mdomo wake. Kidukari hana meno. Ana mrija mwembamba kuliko unywele, anauchomeka kwenye jani na kuupenyeza polepole katikati ya kuta za vyumba vidogo vya mmea, mpaka afike kwenye mfereji unaopitisha maji ya sukari. Jani hutengeneza sukari kwa mwanga wa jua na kuipeleka sehemu zinazokua, na mfereji huo una presha, kama bomba la mtaa siku maji yanapotoka kwa nguvu. Kidukari akishaufikia hahangaiki hata kunyonya. Maji yanamjia yenyewe. Shida yake ni kwamba maji hayo ni sukari tupu, na vitu vya kujenga mwili ni vichache. Kwa hiyo inambidi anywe mengi sana, na sukari inayozidi anaitoa nyuma kama matone ya kunata. Juu ya matone hayo huota ukungu mweusi, ndipo utakapoona jani limekuwa kama lililofukizwa moshi. Kwenye maharage sisimizi huja kuyalamba matone hayo, na huwalinda vidukari weusi kama wafugaji wa Masisi wanavyolinda ng’ombe wao. Kwenye huyu wa shu sisimizi hawaji mara nyingi. Nta yake naona inawachosha.

Shu inayonyonywa hivyo hujikunja majani, hupauka, hudumaa. Ikiwa bado mche inakufa. Na kidukari anapohama kutoka mmea hadi mmea mdomo wake hubeba maradhi, kama sindano isiyooshwa.

Mjukuu wangu akauliza swali ambalo na mimi niliwahi kuuliza: “Jana haikukuwa. Leo ni mingi vile. Ilitoka wapi?”

Twende kwanza soko la Virunga. Umewahi kuwaona akina mama wanaouza sufuria? Hawazipangi moja moja. Kubwa inabeba ya kati, ya kati inabeba ndogo, ndogo inabeba kadogo ka kuchemshia chai. Ukinunua ile kubwa bila kutazama ndani, umebeba nne. Kidukari jike yuko hivyo. Hatagi mayai huku kwetu. Anazaa watoto walio hai, na wote ni wa kike. Kila binti anapozaliwa, ndani ya tumbo lake tayari kuna mabinti wake wameanza kuumbika. Mama mmoja ametembea na mjukuu tumboni kabla hata binti hajazaliwa.

Na baba yuko wapi? Hayuko. Huyo ndiye mdudu aliyewatatiza wenye akili kwa miaka mingi, mpaka alipotokea kijana mmoja wa miaka 20 katika mji wa Geneva, jina lake Charles Bonnet. Mwezi wa Mei mwaka 1740 alichukua kidukari mmoja aliyezaliwa muda huo huo, akamweka peke yake kwenye tawi, akamfunika kwa chupa ya kioo ili asikutane na mwenzake yeyote. Kisha akakaa kumtazama. Si kwa dakika tano. Alimtazama kutwa, siku baada ya siku, akiandika saa za kila tukio. Tarehe 1 Juni yule mdudu, ambaye hakuwahi kuona dume maishani mwake, akaanza kuzaa. Hadi alipomaliza, Bonnet alikuwa ameandika watoto 95. Kwa kutazama tu, bila darubini kubwa wala fedha nyingi, kijana yule aliwaonyesha wakubwa wa sayansi wa Ulaya kwamba mama peke yake anaweza kuzaa. Baadaye macho yake yaliharibika sana, naye akalazimika kuacha kazi ya kuchungulia wadudu. Mimi humwambia mjukuu wangu apepese macho kidogo anapotazama.

Vidukari wa Bonnet hawakuwa wa shu, ila desturi ni hiyo hiyo. Ulaya, baridi kali inapokaribia, huzaliwa madume pia, na majike hutaga mayai ya kuvumilia theluji. Goma theluji itoke wapi? Hapa mabinti huzaa mabinti mwaka mzima. Wa shu huchukua kama siku 10 hadi wiki mbili kukua mpaka naye aanze kuzaa. Tufanye hesabu kwa kijiti mchangani. Tuseme kila mmoja azae 50 tu, na asife hata mmoja. Mama wa kwanza: mabinti 50. Hao nao: wajukuu 2,500. Hao nao: vitukuu 125,000. Ulianza na kidudu kimoja ambacho hukukiona.

Bahati yetu ni kwamba wengi wanakufa. Nani anawaua, tutafika.

Yule wa kwanza kabisa alikuja kwa mabawa. Kundi likibanana sana, au shu ikianza kuchoka, akina mama huzaa mabinti wa namna nyingine, wenye mabawa. Hao huachia upepo uwachukue. Kuruka hawajui sana, ila wanajua kushuka: wakiona chini yao rangi ya kijani-njano imekaa peke yake juu ya udongo mtupu, wanatua. Ndiyo maana shu iliyosimama peke yake kwenye udongo mweusi wa lava inaonekana kwao kama taa. Ukitandaza nyasi kavu juu ya udongo, au ukiacha mimea mingine ikue katikati, wengi wanapita bila kutua.

Ukitaka kuhakikisha, hii hapa kazi ya mchana mmoja. Tafuta bido la njano lililotoboka, yale ya lita 20 tunayochotea maji. Mwombe mtu mzima akate upande mmoja liwe kama beseni. Tia maji ya vidole vitatu na tone la sabuni, liweke karibu na magunia, rudi jioni. Wale wadogo weusi-weusi wenye mabawa yanayopitisha mwanga, walioelea juu ya maji, ndio wahamiaji wako. Sisi tulipata tisa siku ya kwanza. Lakini usiliache pale siku zote, kwa sababu njano inawaita pia nyuki na wadudu wetu wema. Ni la kupelelezea tu.

Nimesema wadudu wetu wema, na hapa lazima niwape kisa cha mwanangu, baba mdogo wa huyu mtoto. Miaka kadhaa iliyopita majivu haya yaliingia kwenye shu zake, naye si mtu wa kutazama wadudu. Alikwenda sokoni akanunua “dawa”. Ilikuwa ndani ya kichupa cha maji ya kunywa, rangi ya maziwa, bila karatasi, bila jina, bila neno hata moja. Alipomuuliza muuzaji kipimo, akaambiwa: “Tia kifuniko.” Kifuniko cha nini kwa maji kiasi gani, hakuambiwa. Akapiga jioni. Asubuhi vidukari walikuwa wamekauka, wanaanguka kwa kuguswa. Alinipigia simu akicheka.

Wiki tatu baadaye hakucheka. Majivu yalikuwa yamerudi mara mbili ya yale ya kwanza. Waliojificha kwenye mikunjo ya majani dawa haikuwafikia, nao wakaanza upya kazi ya sufuria ndani ya sufuria, ila safari hii hapakuwa na wa kuwazuia, kwa sababu dawa ilikuwa imewamaliza walinzi. Na shu zenyewe hatukuzila. Dawa halali ina karatasi inayokuambia usubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Kichupa kile hakikuwa na cha kutuambia. Tulizing’oa zote. Simlaumu mkulima wa Kibumba, huko kaskazini mwa mji, mwenye shamba refu lisilo na mwisho, naye ana hesabu zake. Lakini mtu mwenye shu sita nyuma ya jikoni, ambapo watoto wanacheza, anunue sumu ya nini? Na wewe unayesoma, ukikuta kichupa cha namna hiyo nyumbani, usikifungue wala usikinuse. Mwite mkubwa.

Walinzi ninaowasema ni watatu.

Wa kwanza mnamjua: mdudu wa mviringo, mgongo mwekundu wenye madoa meusi. Shuleni mnamwita kokisineli. Yeye na watoto wake hula vidukari kama njugu. Lakini kwa huyu wa shu kuna mtego. Ukitafuna shu mbichi unasikia ukali fulani puani, ule ule wa haradali. Shu huweka vitu viwili katika vyumba tofauti. Jani likitafunwa vyumba vinabomoka, vitu vinachanganyika, ukali unatoka. Kidukari kwa mrija wake hapiti kwa kubomoa, kwa hiyo haumwi na ukali huo. Anakunywa kitu cha kwanza na kukihifadhi mwilini, na kitu cha pili anakitengeneza mwenyewe. Akitafunwa yeye, vinachanganyika, na mlaji anapata haradali mdomoni. Kuna kokisineli wa Ulaya mwenye madoa mawili ambaye watoto wake wakilishwa vidukari hawa wanakufa. Si kila polisi anamuweza kila mwizi.

Wa pili anaonekana kama nyigu mdogo lakini ni nzi, mwenye mistari ya njano tumboni, anayesimama hewani bila kusogea. Yeye hula chavua na nekta ya maua tu, wala hana ugomvi. Watoto wake ndio wakali: viluwiluwi vya kijani visivyo na macho, vinavyopapasa jani kwa mdomo mpaka vimguse kidukari, kisha vinamwinua juu na kumnyonya akabaki ngozi. Tulimwona mmoja akifanya hivyo kwenye shu ya tatu. Mjukuu wangu alitaka kumtoa, akidhani ni mnyoo anayekula shu. Nikamshika mkono. Kabla ya kuua chochote kwenye bustani, kaa ukione kwanza kinakula nini.

Wa tatu ndiye nimpendaye, ingawa ndiye mgumu kuonekana. Ni nyigu mweusi wa milimita 2, urefu sawa na windo lake. Hamwumi mtu. Unakumbuka ule ukali wa haradali? Ndio unaomvuta yeye. Harufu ambayo shu inaitoa kujitetea, yeye anaifuata kama sisi tunavyofuata harufu ya sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wanaokaangwa. Akifika, anakunja tumbo lake chini ya miguu na kumdunga kidukari, tap, anaacha yai moja ndani yake. Yai linakuwa kiluwiluwi, kiluwiluwi kinamla kidukari kuanzia ndani. Kidukari huvimba, anakuwa mviringo, ngozi inakauka na kugeuka rangi ya shaba. Mjukuu wangu ameviita vigunia, na kweli vinafanana na vigunia vilivyojaa. Baada ya siku kadhaa mgongoni mwa kigunia hukatwa tundu la mviringo safi kabisa, na nyigu mpya anatoka. Ukiona kwenye jani vigunia vya shaba, usilioshe jani hilo wala usilifikiche. Hilo ni wodi ya wazazi.

Shida ya walinzi wote watatu ni moja: huchelewa. Vidukari huanza kwanza, walinzi wanakuja wakishasikia harufu ya karamu. Wiki hizo za katikati ndizo zako wewe na vidole vyako, hasa katika kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, kwa sababu mvua kubwa huwapiga na kuwaangusha, na kiangazi hakuna wa kuwapiga.

Kazi yetu ilikwenda hivi. Kila siku ya pili, kabla ya jua kupanda, mtoto alizunguka magunia sita na kugeuza majani, moja moja. Vidukari hupenda chini ya jani na kule ndani kabisa kwenye moyo wa shu. Penye watano au kumi, kidole gumba kinatosha: unafikicha, unapangusa mkono kwenye suruali (mama yako asikuone), unaendelea. Jani la chini lililojaa tulilikata na kumpa sungura wa jirani. Tuliharakia moyo kuliko kitu chochote, kwa sababu shu ikishafunga kichwa na wao wako ndani, hakuna maji wala mkono utakaowafikia. Utakutana nao siku ya kupika. (Ukikutana nao, loweka majani kwenye maji ya chumvi, watatoka. Hata akibaki mmoja hakudhuru, ila usimwambie mgeni.)

Shu ya tatu ilikuwa imepita kazi ya kidole. Hapo ndipo lile tone lililobingirika linapotuhusu. Maji matupu hayawagusi kwa sababu ya nta, na maji hapa Goma si ya kuchezea. Bido moja lina foleni yake na mgongo wake. Sabuni ndiyo inayoivunja nta. Tuliparuza sabuni ya kipande ya kufulia, kijiko kimoja cha chakula, tukaiyeyusha katika lita 2 za maji ya vuguvugu, tukachuja kwa kitambaa. Tukachukua chupa ya plastiki, tukatoboa kifuniko matundu madogo kwa sindano. Mtoto akajaribu kwanza tone moja juu ya kundi. Halikubingirika. Lilitanda, likawalowesha, unga ukayeyuka, ukaona miili yao ya kijani kama mtu aliyevuliwa kanzu. Kidukari hupumua kwa vitundu vya ubavuni. Sabuni ikimfunika amekwisha.

Lakini sabuni ina masharti yake. Ile ya unga ya kufulia usiitumie, inaunguza majani. Paka jani moja kwanza, subiri mpaka kesho yake uone kama halikuungua. Nyunyiza jioni, jua likiwa limelala. Lenga chini ya majani, kwa sababu sabuni humuua yule tu iliyemgusa, na ikishakauka haina kazi tena. Rudia baada ya siku 4 au 5, kwa ajili ya wale waliojificha. Kisha osha shu kabla ya kula, nadhani hilo halihitaji maelezo.

Majirani wana njia zao. Mmoja hupepeta majivu ya makala juu ya majani. Sikatai, yakiwa membamba na jani lina umande huwasumbua kidogo, ila yakizidi yanaziba jani lisipate mwanga, na kwangu mimi majivu juu ya majivu ni kujichanganya. Mwingine huchemsha tumbako. Hiyo hapana. Maji ya tumbako ni sumu inayopita hata kwenye ngozi ya mkono. Wazee wa mashambani wanajua pia majani ya utupa, yale yale yaliyokuwa yakipondwa kuvulia samaki. Yanaua wadudu, ni kweli, lakini kitu kinacholevya samaki mpaka waelee si cha mtoto kushika, na mabaki yake yasifike ziwani hata kijiko. Sambaza wa Kivu wana matatizo ya kutosha.

Kosa letu kubwa lilikuwa nyuma ya choo. Mjukuu wangu ndiye aliyeligundua, siku alipoamua kupeleleza kama Bonnet. Shu za msimu uliopita tulikuwa tumekata vichwa na kuacha vishina vimesimama kwenye gunia kuukuu, vikachipua vijani vidogo. Kila kijani kilikuwa cheupe kwa nta. Kule ndiko walikokaa miezi yote, wakizaa mabinti, wakisubiri upepo. Tuling’oa vishina vyote siku hiyo hiyo na kuvifukia. Sikuwa na la kujitetea. Mimi ndiye niliyesema viachwe, tupate majani ya supu.

Na msishangae tunahangaikia shu sita: mapigano yalipofika Kibumba mwishoni mwa mwaka 2022 na barabara ikakatika, shu zilizozoea kushuka kwa chukudu hazikushuka. Tangu hapo sizidharau shu sita za nyuma ya nyumba.

Mwezi wa tisa mvua zilirudi. Tulivuna shu tano, ngumu, ukizigonga zinalia. Ile ya tatu ilibaki na kichwa kama ngumi ya mtoto. Jani lake moja la chini lilikuwa na vigunia 17 vya shaba, 14 vina tundu. Vitatu ambavyo havijatobolewa, mjukuu wangu hakukubali vitupwe. Amelifunga jani hilo kwa uzi kwenye mche mpya, gunia la nne, na kila asubuhi kabla ya shule anakwenda kuvihesabu.